Nyangumi wa Bwana Surinder

Kila asubuhi Kamande alitoka nyumbani kwake Wealdstone, London, akiwa amevaa suti ya kijivu na tai nyekundu, akapanda basi hadi Harrow, akaingia duka la Bwana Surinder kwa mlango wa nyuma, akavua suti, akavaa nyangumi.

Nyangumi mwenyewe alikuwa wa sponji nzito, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, mdomo umejaa meno ya plastiki. Zamani alikuwa ndege aitwaye ngwini wa klabu fulani ya kuteleza kwenye barafu. Shemeji yake Bwana Surinder, mwenye duka la kukodisha mavazi ya sherehe, alimkata mdomo, akamshonea mkia, akampiga rangi, na ngwini akawa nyangumi muuaji. Aliyekuwa ndani aliiona dunia kupitia mwanya wa meno. Zipu ilikuwa mgongoni, na hakuna binadamu aliyeweza kuifikia mwenyewe. Pezi la mgongoni, ambalo lilipaswa kusimama wima, lilikuwa limelala upande kama sikio la mbuzi.

Kazi ilikuwa kusimama nje ya duka, kucheza muziki wa kaseti na kuwagawia wapita njia vipeperushi. Bwana Surinder aliuza tikiti za safari, na kiangazi hicho cha mwaka 1999 alikuwa akiuza safari za kwenda ng'ambo kwenye jua, ambako wazazi wangewaonyesha watoto wao nyangumi muuaji wa kweli akiruka bwawani na kumbusu mtu shavuni.

Kamande alikuwa mlinzi wa ghala mpaka ghala lilipofungwa. Alipokwenda kuomba kazi kwa Bwana Surinder, walisalimiana kwa Kiswahili, kwa kuwa Bwana Surinder alikuwa Singasinga wa Nakuru, mzaliwa wa huko, na alipenda kumsikia mtu akitamka Nakuru vizuri.

"Utakuwa afisa wa masoko," alimwambia.

"Ofisi yangu itakuwa wapi?"

"Soko liko nje, bwana. Na wewe utakuwa nje."

Basi Kamande alirudi nyumbani akamwambia mkewe Margaret kwamba amepata kazi ya afisa wa masoko kwenye shirika la usafiri. Neno kwa neno, hakusema uongo. Margaret, ambaye alikuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunza wazee na kurudi jioni mgongo ukimuuma, alifurahi hata akawapigia ndugu zao simu Nyeri. Siku ya pili alimnunulia mumewe tai. Baada ya tai, ukweli ukawa mgumu kusemeka.

*

Jumatano jioni walikuwa mezani wanakula ugali, sukuma na samaki wa kukaanga. Binti yao Daisy, wa miaka tisa, alisukuma sahani ya samaki mbali kidogo na kuiangalia kwa huzuni. Daisy alizaliwa London. Kiswahili alikielewa chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na nyumbani hakuna aliyeona ajabu tena.

"Mnajua nyangumi muuaji anaishi na mama yake maisha yake yote?" aliuliza.

"Hata akioa?" Margaret alisema.

"Hata akiwa na watoto."

"Basi mkewe ana kazi."

"Mum, si mchezo. Miss Pettifer ametuonyesha video. Wanamkamata akiwa mdogo, wanamtenga na mama yake, wanamweka kwenye bwawa la saruji. Baharini angeogelea siku nzima bila kufika mwisho. Bwawani anazunguka tu. Anatafuna vyuma vya lango mpaka meno yanaisha. Pezi lake linalala. Na akitaka samaki lazima acheze kwanza."

Kamande alirudisha tonge la ugali kwenye sahani. "Lakini anapewa samaki," alisema. "Hata huko baharini si angemtafuta kwa jasho? Hapo anakula, ana daktari, ana kazi ya kudumu. Wengine wanaitafuta hiyo hawaipati."

"Wewe ungependa, Dad?"

"Mimi si nyangumi," alisema Kamande, na akanywa maji.

"Jumamosi darasa letu linaandamana," Daisy aliendelea. "Kuna duka hapo Harrow linauza safari za kwenda kuwatazama. Wameweka nyangumi wa bandia mlangoni, eti anacheza dansi. Suad alimwona akiwa na mama yake. Anasema anacheza vibaya sana."

"Vibaya namna gani?" Kamande aliuliza kabla hajajizuia.

"Kama mtu anayetafuta choo."

Margaret alicheka hadi akashika kifua. "Hiyo lazima nikaione. Mwalimu anataka wazazi wa kusindikiza, na Jumamosi sina zamu. Baba Daisy, wewe si uko huko huko Harrow kwenye mambo ya usafiri? Hilo duka unalijua?"

"Harrow ni kubwa," alisema Kamande.

*

Ijumaa alimfuata Bwana Surinder kwenye kaunta, akiwa nyangumi mpaka shingoni, kichwa amekikumbatia kwapani.

"Bwana Surinder, naomba kesho nipumzike."

"Kesho? Jumamosi? Wazazi wote wa Harrow wako barabarani kesho! Nani atacheza?"

"Kuna watu wanakuja kuandamana hapa mlangoni."

Bwana Surinder aliweka kalamu chini. "Watu gani?"

"Darasa moja."

"La chuo kikuu?"

"La nne."

Bwana Surinder alicheka mpaka kilemba kikatikisika. "Bwana Kamande! Mtu mzima, kifua kama hicho, na unaogopa watoto wa miaka tisa?"

"Mmoja tu," alisema Kamande, lakini simu ilikuwa imeshalia, na Bwana Surinder alikuwa ameshaanza kumweleza mtu bei za Julai.

*

Jumamosi jua lilitoka, jambo ambalo Kamande alikuwa ameomba lisitokee. Kabla ya saa sita aliwaona wakija kutoka upande wa stesheni, wawili wawili, wameshikana mikono. Mbele alikuwa Miss Pettifer, msichana mrefu mwenye viatu vya kupandia milima. Nyuma alikuwa Margaret na gauni lake la kanisani, akiwahimiza waliozubaa. Na katikati, ameinua bango kubwa kuliko yeye, alikuwa Daisy. Bango lilisema MRUDISHENI KWA MAMA YAKE.

Kamande aligeuka akitaka kuingia dukani, lakini mkia ulinasa mlangoni, na Bwana Surinder akamsukuma nje kwa tumbo. "Cheza, bwana! Usiwape nafasi!"

Akacheza. Alichagua kucheza tofauti na kawaida yake ili mkewe asimtambue, akainua magoti juu kama askari wa gwaride. Watoto wakashangaa.

"Nilikwambia," Suad alimwambia Daisy.

Kisha wakaanza kupiga kelele kwamba bahari si bwawa na bwawa si bahari. Mama mmoja aliyekuwa anataka kipeperushi akarudisha mkono. Mzee mmoja akasimama kutazama, akamchoma nyangumi ubavuni kwa mwavuli apate kujua kama ana mtu ndani. Daisy alikuja hadi mbele kabisa, akanyoosha kidole.

"Mnaona pezi lake? Limelala! Hata la bandia limelala!"

Miss Pettifer alipiga makofi. Kamande, humo ndani, alihisi fahari ya mzazi ikimpanda kifuani pamoja na joto. Jasho lilimwingia machoni. Vumbi la sponji lilimwingia puani. Akajikaza, akajikaza, akashindwa. Alipiga chafya iliyomtikisa nyangumi mzima, na kama alivyofanya miaka yote ya maisha yake baada ya chafya, akamwita Mungu kwa Kikuyu.

"Ngai!"

Watoto hawakuelewa. Bwana Surinder alijifanya hakusikia. Lakini Margaret, aliyekuwa anamfunga mtoto mmoja kamba za viatu, alinyanyua kichwa taratibu.

Alimwendea nyangumi akijifanya anataka kipeperushi. Akaegemea meno.

"Baba Daisy?"

Nyangumi akamnyooshea kipeperushi.

"Nikiuliza mara ya pili nitauliza kwa sauti."

"Ndiyo mimi," nyangumi alinong'ona.

"Unafanya nini humo?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Ya masoko."

Margaret alifunga macho. Aliyaweka hivyo muda mrefu kidogo, na Miss Pettifer akamwona, akasogea kwa wasiwasi akamuuliza kama yuko salama.

"Niko salama," Margaret alijibu haraka. "Ninamwombea."

"Huyu?"

"Wote. Hata wa kule ng'ambo."

Macho ya Miss Pettifer yalijaa machozi. Aligeuka akawaambia watoto kwamba mama yake Daisy anawaombea nyangumi kwa lugha ya kwao, na kwamba hata asiye na dini anaweza kuinamisha kichwa kwa heshima. Darasa zima likainamisha vichwa. Mzee wa mwavuli akavua kofia. Bwana Surinder, asijue la kufanya, akazima kaseti.

Margaret hakuwa na njia nyingine. Akaweka mkono juu ya paji la uso la nyangumi, akaomba kwa Kiswahili, kwa sauti.

"Ee Mungu wetu, mwangalie kiumbe huyu. Ametoka nyumbani asubuhi amenyoa ndevu. Amekunywa chai. Amevaa tai niliyoipiga pasi kwa mikono yangu, akasema anaenda ofisini. Bwana, ofisi yenyewe ndiyo hii?"

"Amina," watoto walisema, wakidhani amekwisha.

"Bado. Nimewapigia watu Nyeri, Bwana, nikawaambia mume wangu ana meza. Sasa meza iko wapi? Mfungue kinywa aseme ukweli, maana meno naona anayo ya kutosha."

Bwana Surinder wa Nakuru aliziba mdomo kwa kiganja akageukia kioo cha duka, mabega yakimtetemeka.

"Amina," alisema Miss Pettifer kwa hisia nyingi.

Kulikuwa na kichwa kimoja tu ambacho hakikuwa kimeinama. Margaret, kwa hasira, alikuwa amesahau kwamba binti yake anaelewa Kiswahili. Daisy aliacha bango likalala kwenye lami, akaja, akasukuma uso wake mpaka katikati ya meno ya plastiki.

"Baba?" alisema.

Kamande angeweza kunyamaza. Aliwaza hivyo, na wazo likapita.

"Naam, mama."

"Ni wewe unayewapa watu hivyo vikaratasi?"

"Ni mimi."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

Daisy hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. "Nilikwambia yote," alisema, Kiswahili chake kikikwaruza kama gari lililokaa bila kuwashwa. "Mambo ya meno. Mambo ya mama yake. Na wewe ukaniambia anapewa samaki."

Kamande alikuwa na maneno ya kodi, ya viatu vya shule, ya mgongo wa Margaret, yote ya kweli, lakini yalionekana hayawezi kupita kwenye mwanya ule mdogo. Na hapo hapo Bwana Surinder, alipoona watu wamejaa barabarani na hakuna aliyeshika kipeperushi hata kimoja, alijipangusa macho akawasha kaseti kwa sauti ya juu kabisa.

"Cheza, Bwana Kamande! Watu ndio hao!"

Nyangumi akaketi.

Aliketi polepole, mkia kwanza, halafu tumbo, mpaka akatulia kwenye lami kama gunia la viazi lililoshushwa. Vipeperushi vikamwagika. Muziki uliendelea kupiga peke yake.

"Huyo ni baba yako?" Suad alimuuliza Daisy, na darasa zima likageuka kusikiliza.

Kamande alishusha macho.

"Ndiyo," alisema Daisy. "Amegoma." Akaketi kando yake. Suad akaketi, na mwingine, na mwingine, mpaka njia ya miguu ikawa haipitiki.

Bwana Surinder alikuja na mikono kiunoni. "Bwana Kamande, inuka."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki," alisema Kamande. "Lakini pia siwezi."

Ilikuwa kweli. Tumbo la sponji lilikuwa limejikunja, na miguu haikuonekana tena. Ilibidi Margaret amshike pezi moja, Miss Pettifer amshike lingine, na Bwana Surinder asukume kutoka nyuma, huku akimfukuza kazi kwa Kiswahili safi katikati ya kila pumzi. Watoto walihesabu moja, mbili, tatu. Nyangumi alisimama, barabara ikashangilia, na hapo ndipo walipojaribu kumfungua zipu wakakuta imeng'ang'ania.

*

Walirudi nyumbani kwa basi. Dereva, akikata tikiti, aliuliza kama nyangumi ni mtu mzima au mtoto. Margaret alijibu kwamba hata yeye anajiuliza.

Kamande alisimama njia nzima kwa kuwa hakukuwa na kiti cha kumtosha. Daisy alitazama nje. Margaret aliongea, na kwa kuwa aliongea kwa sauti ya chini ya kanisani, abiria walidhani anamfariji.

"Ungeniambia. Mimi ninaosha watu wasionijua jina, ninawakata kucha, wananitukana. Unafikiri ningekucheka?"

"Ungecheka."

"Ningecheka," Margaret alikubali. "Halafu ningekupikia. Sasa nimekuombea mbele ya watu, na hata kupika sitaki."

Jioni mapema Bwana Surinder alibisha hodi, amekuja kumchukua nyangumi wake. Alimkuta jikoni, mtu bado yumo. Ikabidi anywe chai. Margaret alipaka zipu mafuta ya kupikia, akaivuta. Bwana Surinder akavua koti, akaivuta. Daisy alikaa mlangoni amekunja mikono, akivumilia mpaka hakuvumilia tena, akaja akashika mkia upande wake. Walivuta wote watatu, Kamande akishikilia sinki, na zipu ikaachia kwa ghafla wakaanguka juu ya kikapu cha vitunguu.

Kamande alitoka amevaa fulana na kaptula, mwekundu wa macho, nywele zimelowa. Alionekana mdogo kuliko walivyomkumbuka. Daisy alimtazama, akaenda kumletea glasi ya maji. Alipomaliza kunywa, akamletea nyingine.

"Hukuwa mchezaji mzuri," Bwana Surinder alimwambia, akitoa suti na tai kwenye mfuko, zimekunjwa vizuri, pamoja na bahasha ya mshahara wa wiki. "Lakini waliokutangulia wote walikimbia kabla ya chakula cha mchana. Hilo nalisema."

"Ukiweka nyangumi mwingine tutarudi," Daisy alimwambia.

"Nimeshamwambia shemeji amrudishe awe ngwini. Safari za theluji. Ngwini hana shida, sivyo?"

Daisy alifikiri. "Ngwini wa wapi?"

Bwana Surinder alimtazama Kamande, akamtazama Margaret, akachukua nyangumi wake begani na kushuka ngazi.

*

Kamande alitafuta kazi wiki nyingi. Usiku wa kwanza Daisy hakumwambia lala salama. Wa pili alisema kupitia mlango. Wiki ya pili alimwomba amsaidie kuchora bango jipya, kwa kuwa herufi zake hazikutosha kwenye mstari, na Kamande alichora nyangumi wa kweli mwenye pezi lililosimama, doa jeupe la jicho mahali pake, kama mtoto alivyomwelekeza. Daisy alifuta mara nyingi. Kamande alikubali kila sahihisho.

Mwishowe Margaret alimpeleka kazini kwake. Msimamizi wa nyumba ile ya wazee alikuwa Faustine, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mnene, asiyecheka ovyo. Njiani Margaret alikuwa amemfundisha mumewe la kusema: alikuwa kwenye masoko, shirika likapunguza watu. Akabaki kwenye korido, akitazama kupitia kioo cha mlango.

"Mbele ya kuja hapa," Faustine aliuliza, "ulikuwa unatumika kazi gani?"

Kamande alimtazama mkewe kwenye kioo. Margaret aliitikia kwa kichwa kumtia moyo.

"Nyangumi," alisema Kamande.

Margaret akafunika uso.

"Nyangumi?"

"Nyangumi muuaji. Lakini sikumuua mtu. Nilivaa vazi lake nje ya duka."

"Na kwa nini uliacha?"

"Binti yangu hakuipenda ile biashara. Nikaangalia, nikaona ana haki."

Faustine aliegemea kiti. "Watu walikuwa wanakufanya nini?"

"Walinivuta mkia. Walinichoma kwa miavuli. Mtoto mmoja alinitapikia miguuni, na mama yake akanilaumu mimi."

"Nawe ukafanya nini?"

"Nikampungia mkono. Halafu nikapangusa."

Faustine alifunga faili lililokuwa mbele yake. "Uanze kesho," alisema. "Kuna mzee mmoja huko juu, Mzee Malek. Wasaidizi wote wamemkimbia. Anauma watu."

Kamande aliuliza kama angeweza kuanza leo hii.